Muda, hadhira na ubongo uliobanwa

Tarehe 19 Januari 1973, majambazi wanne walioingia kuiba bunduki katika duka la vifaa vya michezo huko Brooklyn, New York, walizingirwa na polisi wakiwa wameshika mateka. Askari mmoja aliuawa mapema, wengine wakajeruhiwa. Kwa mazoea ya polisi wa enzi zile, kilichobaki kilikuwa kuvunja mlango na kumimina risasi. Harvey Schlossberg, askari mpelelezi mwenye shahada ya udaktari wa saikolojia, alishauri wangoje na waongee, na wakuu wake wakamsikiliza. Mateka walipata upenyo wakatorokea juu ya paa, na baada ya saa 47 majambazi wote wanne wakajisalimisha. Miezi minne tu kabla ya hapo, katika Michezo ya Olimpiki ya Munich, mateka tisa waliuawa kwenye jaribio la kuwaokoa lililofanywa kwa pupa. Mwaka huohuo wa 1973 polisi wa New York waliunda kikosi cha mazungumzo na wateka watu chini ya Frank Bolz, na FBI nao wakaichukua mbinu hiyo. Kisa cha Brooklyn husimuliwa kama ushindi wa maneno. Mimi nakisoma tofauti: mateka hawakutolewa na sentensi yoyote ya busara, bali na saa zilizopita bila mtu kusukumwa ukutani. Na utafiti wa ubongo uliofanyika tangu hapo, ukiusoma bila mapambo, unaunga mkono usomaji huu. Katika mazungumzo magumu, mazingira ya mazungumzo huamua mengi kuliko uchaguzi wa maneno.

Kazi za Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale ndizo zinazoeleza sababu vizuri zaidi. Mtu akiingia kwenye msongo asioweza kuudhibiti, kemikali za noradrenalini na dopamini hupanda kupita kiasi katika gamba la mbele la ubongo, na mitandao ya seli za hapo hulegea. Hiyo ndiyo sehemu inayotuwezesha kushika mawazo mawili kwa pamoja, kuzuia ulimi, na kubadili msimamo baada ya kusikia hoja mpya. Wakati huohuo amigdala, inayoshughulika na hatari, na mazoea ya zamani hupata nguvu. Kwa hiyo yule unayemwona mkaidi huenda kwa dakika hizo hana uwezo wa kuipima hoja yako, hata iwe nzuri kiasi gani. Homoni ya kotisoli nayo huja taratibu. Hufikia kilele kati ya dakika 20 na 40 hivi tangu msongo uanze. Aliyenyamaza baada ya dakika tano bado yumo ndani ya dhoruba.

Lakini si kila msongo una uzito sawa, na hapa ndipo ushahidi unapokuwa na faida kwa asiye polisi. Mwaka 2004 Sally Dickerson na Margaret Kemeny walikusanya matokeo ya tafiti 208 za maabara kuhusu kotisoli. Vitu viwili vikikutana, yaani kuhukumiwa na watu wengine na kutokuwa na udhibiti wa kinachoendelea, homoni hiyo ilipanda kuliko kwingine kote na ilichelewa kushuka. Linganisha na desturi za wapatanishi wa polisi: umati husogezwa mbali, sauti ya kuongea huwa moja, na mhusika huachiwa uamuzi wa mambo madogomadogo. Kisha tazama sisi tunavyofanya. Kijana aliyekosea huketishwa katikati ya wajomba na mashangazi, kila mmoja akatoa lake. Mfanyakazi huulizwa mbele ya idara nzima kwa nini hesabu hazijakaa sawa. Tunataka mashahidi, nao mashahidi hao ndio wanaomfanya ajitetee badala ya kusikia. Sisemi vikao vifutwe. Vina kazi ya kuthibitisha yaliyokwisha kukubaliwa. Ila kuvitumia kumbadilisha mtu mawazo ni kuchagua chombo kibaya kabisa.

Kuhusu maneno yenyewe, ushahidi upo, ila ni mwembamba kuliko unavyovumishwa. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake waliwapiga picha za ubongo watu 30 waliokuwa wakitazama nyuso zenye hasira au hofu. Walipochagua neno la kuitaja hisia ya ule uso, amigdala ilitulia zaidi kuliko walipochagua jina la kumpa mwenye uso. Mwaka 2012 utafiti mwingine ambao Lieberman alishiriki ukaona watu wenye hofu ya buibui waliotaja hofu yao waziwazi wakionyesha dalili chache za mwili wiki moja baadaye. Wapo watakaouliza: mbona ukimwambia mtu “umekasirika” anazidi kuwaka? Swali ni la haki. Wale wa buibui walitaja hisia zao wenyewe; hakuna aliyewabandikia. Mpatanishi mzoefu hukisia kwa upole na kumwachia mwenzake nafasi ya kusahihisha, na kule kusahihisha kwenyewe humfanya aitaje hisia yake kwa kinywa chake.

Waco, Texas, mwaka 1993, inaonyesha maneno mazuri yanavyoharibiwa na mazingira mabaya. Katika mzingiro wa siku 51 dhidi ya wafuasi wa David Koresh, kiongozi wa dhehebu la kidini, wapatanishi wa FBI walifanikiwa kuwatoa watu 35, wakiwamo watoto 21. Tarehe 12 Machi walitoka wawili. Usiku kikosi cha silaha kikakata umeme. Tarehe 21 wakatoka saba, na usiku huohuo spika zikaanza kupiga kelele kuelekea jengo. Baada ya tarehe 23 hakutoka mfuasi yeyote tena mpaka moto wa tarehe 19 Aprili, siku waliyokufa watu 76.

Mpinzani wa kweli atasema ubongo hauongezi kitu hapa, kwa kuwa Schlossberg hakuwa na mashine ya picha. Tena anaweza kumtaja mtafiti Deena Weisberg, aliyeonyesha mwaka 2008 kwamba maelezo mabovu huwaridhisha watu zaidi yakichanganywa na habari za ubongo zisizohusika. Nakubali, na ndiyo maana ile hadithi ya “ubongo wa mjusi” ndani yetu, ambayo wataalamu wa mageuzi ya ubongo wameshaitupa, sikuitumia. Faida ya sayansi ni kutuonyesha ni ipi kati ya mbinu nyingi inayobeba mzigo. Wengine huogopa kwamba hizi ni hila za kumlainisha mtu. Lakini anayengoja gamba la mbele lirudi kazini anamrudishia mwenzake uwezo wa kukataa vilevile. Mwenye hila hukimbilia saini wakati mtu bado anatetemeka.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni kwamba kuahirisha humfaa mwenye nguvu. Bosi akisema “tutaongea baadaye”, mfanyakazi wake analala macho. Tafiti zilezile 208 zinadokeza jibu: kusubiri bila kujua mpaka lini ni kunyang’anywa udhibiti, kwa hiyo ni msongo mwingine. Anayesimamisha mazungumzo hana budi kutaja saa na mahali pa kuendelea, na kumwachia mwenzake, hasa aliye chini yake, haki ya kubadili vyote viwili.