Joto la Nyawera, Likisomwa kutoka Angani

Satelaiti haina kipimajoto. Watu wakionyeshwa ramani ya joto la mji, nyekundu huku na buluu kule, hudhani chombo kimeigusa ardhi kikarudi na jibu. Kinachorudi ni tarakimu, mamilioni ya tarakimu, na hakuna hata moja kati yake iliyo joto bado. Kutoka tarakimu hizo hadi nyuzi tunazozijua kuna kazi ya kufanywa, na hiyo kazi ndiyo ninayotaka kuisifu, nikiitazama kutoka Nyawera, katika komini ya Ibanda mjini Bukavu, ambako inakutana na ugumu wake wa kweli.

Kila kitu hutoa mionzi kwa kadiri ya joto lake. William Herschel aliigundua mionzi hiyo mwaka 1800: alitawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, pasipoonekana mwanga wowote, na kipimo kikapanda. Mwaka 1900 Max Planck akapata kanuni inayosema ni mionzi kiasi gani hutoka katika kila joto na kila urefu wa wimbi. Vitu vyenye joto kama la ardhi yetu hutoa mionzi mingi zaidi kwenye mawimbi ya mikromita 10 hivi, na kwa bahati njema hapo ndipo hewa inapoipitisha vizuri. Kwa hiyo bendi ya 10 ya satelaiti za Landsat 8 na Landsat 9 iliwekwa kati ya mikromita 10.6 na 11.19. Vyombo hivyo viwili huzunguka kilomita 705 juu yetu. Kila kimoja hurudi mahali pale pale baada ya siku 16, lakini kwa kuwa vinapokezana, Bukavu hupitiwa kila baada ya siku nane.

Hesabu ya mwanzo ni ndogo, na ningependa kila mwalimu awafanyishe wanafunzi wake kwa mkono kabla hawajafungua programu yoyote. Chukua pikseli moja yenye tarakimu 28,000. Izidishe kwa 0.0003342, ongeza 0.1, upate nguvu ya mionzi ya 9.46. Ndani ya faili la maelezo linalokuja na picha ya Landsat 8 kuna namba mbili, 774.8853 na 1321.0789. Gawanya ya kwanza kwa 9.46, ongeza moja, tafuta logariti asilia ya jibu, kisha gawanya namba ya pili kwa logariti hiyo. Utapata kelvini 299, yaani karibu nyuzi 25.9 za sentigredi. Kikokotoo cha simu kinatosha. Mtu aliyeifanya mara moja kwa kalamu haisahau, na hatadanganywa tena na uzuri wa rangi.

Hizo nyuzi 25.9 bado si joto la ardhi. Ni joto ambalo ardhi ingekuwa nalo kama ingetoa mionzi yake yote bila kubakiza, na kama kati yake na chombo kusingekuwa na hewa. Majani mabichi ya mgomba hutoa takriban asilimia 99 ya mionzi inayowezekana. Udongo mkavu hutoa kama asilimia 97. Pikseli yetu ikiwa shamba la migomba, joto linapanda hadi karibu nyuzi 26.6. Ikiwa ni uwanja wa udongo, linafika karibu 28. Tarakimu ni ile ile 28,000, na mkaguzi ndiye anayepaswa kujua ametazama nini. Kwa mashambani kuna njia nzuri: bendi ya mwanga mwekundu na bendi jirani ya infraredi huonyesha ukijani wa mahali, na ukijani humwambia kadiri ya majani na kadiri ya udongo.

Nyawera ina mabati.

Bati jipya linalong'aa hutoa sehemu ndogo tu ya mionzi ambayo joto lake lingeruhusu, na kwa upande wake wa juu huakisi anga. Anga la kiangazi, likiwa jeupe bila wingu, ni baridi sana kwenye mawimbi hayo. Basi bati lililoezekwa mwezi uliopita, ambalo ukiliwekea kiganja utaungua, huonekana na satelaiti kana kwamba limepoa kuliko bustani. Likishika kutu hali inageuka: kutu hutoa mionzi vizuri zaidi, na rangi ya kupaka hutoa vizuri zaidi ya hapo. Kwa hiyo mtaa ukibadilisha mapaa, ramani inaweza kuonyesha umepoa, ilhali watoto waliomo darasani chini ya mabati yasiyo na dari wanatokwa jasho kama jana. Ile njia ya ukijani haisaidii hapa, kwa sababu ikiona mahali hapana majani inaandika asilimia 97 kana kwamba ni udongo, na kompyuta inakubali bila kulalamika.

Tena pikseli ya joto ya Landsat ina upana wa mita 100, ingawa hutolewa kwetu ikiwa imegawanywa katika vipande vya mita 30. Ndani ya mita hizo 100, katikati ya Bukavu, unaingiza bati jipya, bati la kutu, bati la rangi, lami, turubai za wauza sambaza na lengalenga, na mparachichi mmoja uani. Vyote vinatoka na tarakimu moja. Kuigeuza tarakimu hiyo kuwa nyuzi bila kujua yaliyomo ni sawa na kununua gunia la makaa kwa kutazama vipande vya juu.

Siku hizi idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, inatoa picha za Landsat ambazo joto la uso wa ardhi limekwisha kukokotolewa. Ni msaada mkubwa na ninazitumia kwa shukrani. Lakini viwango vya utoaji mionzi vilivyomo humo msingi wake ni picha za ASTER, chombo kingine cha angani, za kati ya 2000 na 2008, zikirekebishwa kwa ukijani wa siku husika. Mapaa yaliyojengwa Bukavu baada ya hapo hayamo. Ndiyo maana nasema kijana anayeishi hapa ana kitu ambacho mashine haina. Akitembea na daftari kutoka sokoni Nyawera hadi miteremko ya Kadutu, akaandika paa hili ni jipya, hili limeshika kutu, hili limepakwa rangi, hapa ni mbao na turubai, anakuwa ameleta nusu ya kipimo iliyokosekana. Daftari la mapaa ni chombo cha sayansi kamili kama kile kilicho angani.

Kuna msaada mwingine tuliojaliwa hapa, nao ni ziwa. Maji ya juu ya Ziwa Kivu hukaa karibu na nyuzi 24 mwaka mzima, hayabadiliki sana, na utoaji wake wa mionzi unajulikana na ni ule ule kila mahali. Kwa hiyo kabla ya kutazama mtaa wowote, fundi mwangalifu hutazama maji nje ya rasi ya Muhumba, mbali kidogo na ufuo ili pikseli isichanganye maji na nchi kavu. Ziwa likisoma nyuzi 17, kuna wingu jembamba lililopita bila kuonekana, au kuna namba iliyokosewa, na picha yote hairuhusiwi kusema neno mpaka sababu ijulikane. Mawingu ndiyo adui mkubwa wa kazi hii Kivu; mara nyingi tunabaki na picha za kiangazi, Juni hadi Agosti, na hata hizo wakati mwingine zina moshi wa mashamba yanayochomwa.

Milima nayo ina neno. Satelaiti hupita saa nne asubuhi na dakika chache. Mwezi wa Julai, saa hiyo, jua liko upande wa kaskazini-mashariki, kwa hiyo mteremko unaotazama huko umekwisha kupashwa na ule unaotazama kusini-magharibi bado unaamka. Mitaa miwili yenye nyumba za aina moja itaonekana tofauti kwa sababu tu ya namna kilima kilivyokaa. Nimeona ramani za miji ya milimani zikilaumu watu kwa joto ambalo ni la jua la asubuhi, na hilo linanikera, kwa sababu ramani za namna hiyo huenda mezani kwa wanaoamua nani abaki na nani ahamishwe.

Wengi wameijua kazi hii kwa ajili ya volkano: Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, joto la lava lilionekana wazi kutoka angani. Ni jambo kubwa. Hata hivyo lava inajitangaza yenyewe. Mimi hunigusa zaidi zile nyuzi mbili au tatu zinazotofautisha soko na barabara yenye miti, kwa kuwa hizo hupatikana kwa uangalifu tu. Na leo zinaweza kutafutwa na yeyote. Kabla ya mwaka 2008 picha moja ya Landsat 7 iliuzwa karibu dola 600. Nani Bukavu angeilipa? Tangu mwaka huo hazina yote iko wazi bure, pamoja na picha za Landsat 5 iliyorushwa mwaka 1984, ingawa za miaka ya tisini ni chache kwetu, kwani chombo kile hakikuwa na kinasa na kilihitaji antena ya kupokelea ndani ya upeo wake.

Kilichobaki ni saa nyingine za siku. Tangu 2018 kuna ECOSTRESS, iliyofungwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu, ambayo hupita kwa saa zinazobadilikabadilika, alasiri na hata usiku, ikiwa na pikseli ya mita 70 hivi. Bati ni jembamba: jua likizama linapoa upesi. Lami na kuta za saruji hushikilia joto hadi usiku mwingi. Kwa hiyo sehemu iliyokuwa nyekundu mchana inaweza kuwa buluu usiku, na jirani yake kinyume chake, na anayechagua pa kupanda miti au paa lipi lipakwe rangi nyeupe anahitaji ramani zote mbili mezani, na daftari la mapaa pembeni yake.