Shokomzoba Mpya na Kimo cha Gari

Mwenye Corolla aionaye gari yake ikitoka gereji imeinuka mbele baada ya kufungwa shokomzoba mpya aghalabu husadiki kwamba zile kuukuu, kwa uchakavu wake, ndizo zilizokuwa zimeishusha; na dhana hiyo, ijapokuwa ina chembe ya ukweli, imewatoa watu wengi fedha bila sababu. Uzito wa gari hubebwa na springi. Shokomzoba kazi yake ni kuutuliza mrindimo wa springi hiyo, kwa kuyalazimisha mafuta yapenye matundu membamba, na maadamu gari imesimama na mafuta hayaendi popote, hapana nguvu yatoayo.

Chembe ya ukweli imo katika gesi. Shokomzoba nyingi za siku hizi hutiwa naitrojeni ili mafuta yasifanye povu, na gesi hiyo daima huisukuma rodi itoke nje. Tufanye hisabu: rodi yenye kipenyo cha milimita 20 ina eneo la sentimita mraba 3 na ushei, shinikizo likiwa kilo 5 kwa kila sentimita mraba, msukumo ni kilo 16 hivi, na springi ibonyeayo milimita 1 kwa kila kilo 2, ikipunguziwa mzigo huo, itaiinua gari milimita 8, wala si zaidi.

Ikiinuka sentimita 3, basi gesi haina hatia. Katika mfumo aliobuni Mmarekani Earle MacPherson, ambao umo mbele ya magari madogo mengi, springi hukalia sahani iliyoungwa kwenye mwili wa shokomzoba, hivyo shokomzoba ya gari jingine, yenye sahani iliyopanda kidogo, hubadili kimo papo hapo. Kosa baya zaidi ni la bushi: bolti za mikono ya chini zikilegezwa ili kupata nafasi, kisha zikakazwa magurudumu yakiwa yananing'inia juu ya jeki, mpira wa bushi husokoteka gari ishushwapo, ukaizuia isikae sawasawa, na baadaye ukapasuka.

Kimo hupimwa kabla ya kufungua chochote, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kwani kipimo cha kutoka chini hudanganywa na upepo wa tairi. Na gari iliyolala upande mmoja kwa springi iliyochoka itabaki imelala hata ikifungwa shokomzoba mpya. Ajabu ni kwamba fundi, ili kuitoa shokomzoba, ameishika springi hiyo mkononi, kisha akairudisha ile ile.