Kabla ya Kushusha Giaboksi

Kushusha giaboksi ya otomatiki hakuhitaji akili nyingi. Vijana wawili wenye misuli, jeki nzuri, spana na nusu siku, imeshuka. Fundi ninayemsifu hapa sifa yake ni kwamba haishushi mpaka kila kilicho nje ya giaboksi kimeulizwa na kujibu.

Mjini Kisangani, Kongo, subira hiyo ina thamani. Upande wa magharibi kuna zaidi ya kilomita 1,700 za mto hadi Kinshasa, safari ya majuma kwa mashua za mizigo. Juu ya mji maporomoko ya Boyoma yamefunga njia. Upande wa mashariki kuna barabara ya taifa namba 4, inayopita msituni kwa Bafwasende, Nia-Nia na Mambasa kuelekea Beni na Butembo, ambako spea nyingi huingilia. Mvua ikishika, lori linalala kwenye tope. Anayepasua giaboksi bila sababu anaweza kukaa na gari lililoinuliwa juu ya matofali mpaka watoto wa mtaa waligeuze uwanja wa michezo.

Gari lenyewe ni Mercedes 123 ya petroli. Aina hiyo ilitolewa mwaka 1976, ikaundwa kwa takriban miaka 10, na magari kama milioni 2.7 yakatoka viwandani. Mwenye hili, mzee mstaafu, amelileta kwenye gereji ya Makiso, mjini humo, akiwa amekwisha kukata tamaa. Asubuhi linavuta vizuri. Likishapata moto, unakanyaga, injini inapiga kelele, gari halitaki kwenda.

“Wote wananiambia boksi imekufa,” anasema.

“Papa, tusiizike kwanza,” fundi anajibu, na kuinama chini ya boneti.

Otomatiki haina klachi ya kukanyaga. Nguvu ya injini inapita kwenye oili inayozungushwa ndani ya konveta, na oili ikisukumwa hivyo inapata joto kali, hasa kwenye barabara ya mashimo ambako gari linakwenda polepole huku injini ikijitahidi. Oili hiyo inatoka kwa paipu moja hadi kipoza kilichofichwa ndani ya tangi la rejeta, inaacha joto lake kwenye maji, inarudi kwa paipu ya pili. Paipu mbili za chuma, vipande vya mpira kwenye viungo, basi. Zikiziba, oili inaungua na pleti za ndani zinaanza kuteleza. Dalili zake hazitofautiani na za giaboksi iliyokufa.

Anaanza na dipstiki, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Oili ya otomatiki kwenye gari hili hupimwa ikiwa moto, gari likiwa mahali tambarare, injini ikiunguruma, mkono wa gia ukiwa kwenye P. Anachomoa, anafuta kwenye kitambaa cheupe, anasogea kwenye mwanga. Nyekundu angavu ni salama. Kahawia yenye harufu ya kuungua ni joto. Waridi yenye povu kama maziwa ni msiba: kipoza kimetoboka ndani ya rejeta, maji na oili vimechanganyika. Injini ikiwaka, msukumo wa oili unaweza kuishinda nguvu ya maji, oili ikaingia kwenye rejeta. Injini ikizimwa, maji yangali moto na yamebanwa na kifuniko, nayo yanasukuma kurudi kwenye oili. Maji yakifika kwenye pleti, gundi ya bitana zake inaachia. Hapo kushusha hakuepukiki.

Kitambaa cha mzee kimetoka kahawia, na kinanuka kuungua kidogo tu. Hakuna povu. Fundi anafungua rejeta ambayo imeshapoa, anatazama juu ya maji kama kuna utando mwekundu. Hamna.

Nani angedhani nyangumi ana sehemu katika habari hii? Kwa miaka mingi oili za otomatiki za Marekani zilitiwa mafuta ya nyangumi ili pleti zishike kwa ulaini. Biashara ya mafuta hayo ilipopigwa marufuku huko mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya General Motors ikabadili mchanganyiko wa Dexron yake, na oili mpya ikaanza kula maungio yaliyolehemiwa ya vipoza vyenyewe. Ikabidi irekebishwe tena. Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani oili yoyote nyekundu inatosha.

Baada ya hapo anatafuta uvujaji. Tone lililo chini ya giaboksi halisemi limetoka wapi, maana upepo wa safari hurudisha oili nyuma kwa kufuata paipu. Anaosha paipu zote kwa petroli, anazikausha, anazipaka poda ya mtoto, anawasha injini, anangoja. Mstari mwekundu ungejichora wenyewe juu ya weupe. Poda inabaki kavu. Oili ingekuwa inapungua bila tone lolote, angekagua pia utando wa modyuleta, kifaa cha giaboksi kilichounganishwa na mvuto wa hewa wa injini, kwa sababu ukipasuka injini huivuta oili na kuichoma. Lakini haijapungua.

Kilichobaki ni mtiririko. Anachukua spana mbili: moja inashika kiungo kwenye rejeta, nyingine inazungusha nati ya paipu. Ukitumia moja tu, unaweza kuipinda paipu au kukichana kipoza ndani ya tangi. Anafungua njia ya kurudi, anaielekeza kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, na mwanafunzi wake anawasha injini huku akihesabu kwa sauti. Karibu lita moja kwa nusu dakika ndicho kipimo. Ukiendelea zaidi ya hapo unaikausha giaboksi. Kilichotoka ni mchirizi mwembamba. Anafunga, anarudia kabla ya kipoza, mahali paipu inapotoka giaboksi. Oili inaruka kwa nguvu! Pampu ni nzima. Kizuizi kiko kati ya pointi hizo mbili.

Wengine wangelaumu rejeta hapo hapo. Yeye anaichomoa, anaizamisha kwenye beseni, anaziba mdomo mmoja wa kipoza na kwenye mwingine anafunga pampu ya baiskeli, ya mmoja wa waendesha toleka, teksi za baiskeli za mtaani. Kompresa ya wauza matairi haitaki. Msukumo wake unaweza kukipasua alichokuja kukiokoa. Hakuna kiputo. Anazibua mdomo wa pili, na hewa inapita bila shida. Rejeta haina kosa.

Kumebaki kipande cha mpira, kifupi kama kidole, ambacho kwa nje kinapendeza kuliko vyote. Anakipasua kwa wembe. Ndani kimevimba mpaka tundu limebaki la kupitisha njiti ya kiberiti. Mtu aliwahi kuweka mpira wa maji mahali pa mpira wa oili moto; nje umebaki imara, ndani umekuwa tope. Inanivutia kwamba aliutilia shaka kwa sababu ulikuwa mpya kuliko majirani zake.

Kinachofuata ni kazi ya kawaida: mpira wa oili wenye nyuzi, klipu mbili, mdomo wa paipu uliotunishwa kidogo ili mpira usichomoke. Paipu nyembamba ya breki, ambayo wengine huitumia kama kiraka, haitaki, kwani ingerudisha tatizo lile lile. Kisha anamwaga oili ya zamani, anabadili filta, anajaza mpya na kupima ikiwa moto.

Ukiwa na gari la zamani la otomatiki na mtu akakuambia giaboksi imekufa, mwombe akuonyeshe oili kwenye kitambaa cheupe, kisha apime mtiririko mbele yako. Hiyo ni kazi ya saa moja. Akikataa, peleka gari kwingine.