Filamu Huanzia Karatasini

Wapo wanaodhani kazi ya filamu huanza kamera inapowashwa. Kwa filamu fupi ya dakika 10 au 15 dhana hiyo ni ya hatari, maana hakuna dakika ya akiba ya kufidia onyesho lililopwaya. Skripti hutoa nusu ya jawabu. Kwa mpangilio uliozoeleka, ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja, hivyo aliyeandika kurasa 22 anajua mapema kwamba amepitiliza. Lakini skripti ikisema mama anaingia na kukuta barua mezani, haijasema kamera isimame wapi. Barua ikijaza fremu nzima, mtazamaji anataka kujua imeandikwa nini. Mama akionekana mdogo kule mlangoni, mtazamaji anauona upweke wake. Hizo ni hadithi mbili. Storibodi, yaani michoro ya filamu shoti baada ya shoti, humlazimisha mwongozaji achague mojawapo, na kwa hiyo naiheshimu kama mahali pa kufikiri, wala si pambo la kuwavutia wafadhili.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Bengal. Mwongozaji Satyajit Ray alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo ya Calcutta alipoanza kupiga filamu ya Pather Panchali mwaka 1952. Skripti kamili hakuwa nayo. Alikuwa na daftari la michoro, fremu baada ya fremu. Fedha zilikatika mara kwa mara, kazi ikasimama kwa miezi. Alipiga sehemu ya onyesho la watoto wanaoiendea treni katika shamba la maua meupe, na aliporudi baada ya siku chache akakuta ng'ombe wameyala yote. Ikabidi asubiri msimu wa mwaka uliofuata. Filamu ikatoka mwaka 1955, na anayeitazama haoni mshono. Ustadi wa Ray na wenzake ulikuwa mkubwa, sikatai, ila kazi iliyokatizwa namna hiyo huhitaji kitu cha kuishikilia, na mchoro haunyauki kwa majira.

Watasema kupanga kunaua uhai. Watamtaja mwongozaji Jean-Luc Godard, aliyeandika mazungumzo ya À bout de souffle siku kwa siku wakati wa kupiga. Hoja hii ina uzito, kwa sababu filamu ile ya 1960 ina pumzi ambayo mipango mingi huikaba. Hata hivyo Godard alianza na muhtasari wa hadithi ulioandikwa na mwongozaji mwenzake François Truffaut, na bado aliandika kwanza, ndipo akapiga. Alichofupisha ni muda kati ya karatasi na kamera. Wengine hujitetea kwamba hawajui kuchora. Watu wa vijiti wanatosha kabisa, mradi mishale ionyeshe nani anaelekea wapi, ili wawili wanaozungumza wasije wakaonekana wote wakitazama upande mmoja. Tena, asiye na fedha ndiye anayeihitaji karatasi kuliko wote. Jua likianza kuzama, gari la kukodi likidaiwa na shoti sita zikiwa hazijapigwa, mwenye storibodi mkononi anaweza kuzipanga mbele ya mpiga picha wake na kuona kwamba nne kati yake zinaweza kuachwa na hadithi ikasimama.