Kiwanja cha Maisaka na deni lililokaa nje ya vitabu

Kampuni ya simu ikipanga kipande cha ardhi Maisaka, mjini Babati, ili isimike mnara, inasaini ahadi ya kulipa kodi kwa miaka kadhaa. Hadi mwisho wa 2018 ahadi hiyo haikuonekana kwenye mizania. Kiwango cha zamani cha uhasibu, IAS 17, kiliiona kuwa pango la kawaida: kodi ya mwaka inaandikwa gharama ya mwaka, na miaka iliyobaki inatajwa kwenye maelezo ya nyuma ambako wasomaji wengi hawafiki. Kiwango kipya, IFRS 16, kilichotolewa Januari 2016 kilifuta utaratibu huo kwa upande wa mpangaji, na kwa kuwa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu nchini, ilikwishapokea viwango vya kimataifa tangu 2004, hapakuwa na toleo la nyumbani la kukimbilia. Benki zinazofunga mwaka Desemba zilianza kukitumia Januari 1, 2019. Vodacom Tanzania, inayofunga Machi, ilianza Aprili 1. Ninachodai ni kwamba kiwango hiki kililitoa deni mafichoni, kisha kikamwachia mdaiwa mwenyewe kupima ukubwa wake. Kwa hiyo kurasa za sera za uhasibu, zile zinazorukwa kwa haraka ya kutafuta gawio, ndizo zinazostahili kusomwa kwanza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kodi ya kiwanja ni shilingi milioni 10, inalipwa kila mwisho wa mwaka kwa miaka 5, na kampuni ingeweza kukopa kwa riba ya asilimia 15. Malipo yote ni milioni 50, lakini thamani yake ya leo ni milioni 33.5. Namba hiyo inaingia vitabuni mara mbili: ni deni, na pia ni mali, yaani haki ya kukitumia kiwanja. Mali inapungua kwa uchakavu wa milioni 6.7 kila mwaka, na deni linazaa riba ya milioni 5 katika mwaka wa kwanza. Gharama ya mwaka huo inafika milioni 11.7 ilhali mwenye kiwanja amepokea milioni 10 tu. Mwaka wa tano gharama imeshuka hadi milioni 8, na ukijumlisha mitano yote unarudi kwenye milioni 50 zilezile. (Wenye nyumba wetu hutaka chao mbele, kodi ya mwaka wa kwanza ikishalipwa siku ya kusaini, deni linaloandikwa ni kama milioni 28.5.) Kumbuka kwamba mstari wa kodi ya pango umetoweka na nafasi yake imechukuliwa na uchakavu na riba. Ile faida kabla ya riba, kodi ya mapato na uchakavu, ambayo wakurugenzi hupenda kuitaja, imepanda kwa milioni 10 bila kampuni kuuza hata vocha moja zaidi.

Hapo hesabu ilikuwa nyepesi kwa sababu nilijipa miaka 5. Mkataba halisi unaweza kusema miaka 5 na haki ya kuongeza mingine 5, na kiwango kinadai miaka ya nyongeza ihesabiwe iwapo kuna uhakika wa kutosha kwamba mpangaji ataitumia haki hiyo. Ikihesabiwa, deni linaruka kutoka milioni 33.5 hadi 50.2, kwa kiwanja kilekile na kodi ileile. Mikataba ya mwaka mmoja mmoja, iliyozoeleka mno katika miji yetu, inafungua mlango mpana zaidi, kwa kuwa pango lisilozidi miezi 12 linaweza kuachwa nje ya mizania endapo kampuni imechagua sera hiyo. Je, mnara uliomwagiwa zege unapangwa kwa mwaka mmoja kweli? Novemba 2019 kamati ya kimataifa inayofafanua viwango ilijibu swali la namna hiyo: katika kupima muda wa pango, adhabu ya kuondoka haiishii kwenye faini iliyoandikwa kwenye mkataba. Hasara ya kung'oa kilichojengwa na kupoteza eneo nayo inahesabiwa. Kwa mnara wa Maisaka maana yake ni kwamba karatasi ya miezi 12 haitoshi kuwa ushahidi. Mkaguzi anapaswa kuuliza kampuni inapanga kuwahudumia wateja wa Babati kwa muda gani.

Riba nayo ni kadirio. Ukitumia asilimia 10 badala ya 15, deni la miaka 5 linakuwa milioni 37.9.

Wapo wanaosema haya yote ni maandishi tu, kwani fedha inayotoka mfukoni haijabadilika. Ni kweli haijabadilika, lakini hata taarifa ya mtiririko wa fedha imeguswa: sehemu ya malipo inayopunguza deni imehamia kwenye shughuli za kugharamia mtaji, na shughuli za uendeshaji zikaonekana zinazalisha zaidi. Mikataba ya mikopo nayo hupima uwiano wa deni kwa mtaji, na benki isiyosoma sera haitajua kama uwiano umeharibika kwa biashara au kwa kalamu. Isitoshe, maandishi ya zamani ndiyo yaliyopotosha. Mwaka 2013 Vodacom Tanzania ilikubali kuuza minara yake zaidi ya 1,000 kwa Helios Towers, kisha ikawa mpangaji juu ya minara hiyo. Chini ya IAS 17 mpangaji wa namna hiyo angeweza kuonekana mwepesi kuliko mshindani aliyekopa ili ajenge minara yake, ingawa wote wawili wana mzigo wa miaka mingi. Airtel Africa ilipotangaza mwaka 2021 kuuza minara yake ya Tanzania, sheria ilikuwa imebadilika: anayeuza na kupanga tena huandika deni la pango, na faida anayoitambua ni ile ya haki alizoziachia kweli.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama ya kazi. Kampuni yenye mamia ya viwanja hukusanya mikataba iliyotawanyika wilayani, mingine ya mkono, na kuihesabu upya kila kodi inapobadilika kwa makubaliano. Sheria ya kodi ya mapato ina vipimo vyake, hivyo kitabu cha mamlaka ya mapato, TRA, na kitabu cha wanahisa huachana, na pengo linaandikwa kama kodi iliyoahirishwa. Nakubali mzigo huo ungekuwa mkubwa kwa mfanyabiashara mdogo, lakini siwaelewi wanaoulaumu mfumo mzima, kwani mdogo hakubebeshwa. Toleo la tatu la kiwango cha kampuni ndogo na za kati, la Februari 2025, limebakiza utaratibu wa zamani wa mapango. Matokeo yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayetumia kiwango hicho na tawi la benki iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam wanaweza kupanga vyumba vilivyo pua na mdomo Maisaka, kwa kodi sawa na mkataba wa miaka sawa, mmoja awe na deni vitabuni na mwingine asiwe nalo. Afisa mikopo atakayeweka hesabu zao mezani pamoja itambidi amwongezee mwenye duka deni hilo kwa penseli kabla ya kuwalinganisha.