Chama Ni Chombo, Si Nahodha

Msafiri wa baharini hutazama mambo mawili kabla ya kutoa nauli: uzima wa chombo na ujuzi wa nahodha. Katika uchaguzi wengi wetu twatazama rangi ya tanga tu. Husemwa kwamba chama kikiwa chema basi kila aliyesimamishwa nacho ni mwema, na kikiwa kiovu hamna mwema ndani yake. Rai hii yafaa ipimwe.

Tutazame Tunduma, mkoani Songwe, mji wa mpakani ambao sisi wa pwani twaujua kwa malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo. Mwaka 2015 CHADEMA ilishinda ubunge wa Tunduma kwa Frank Mwakajoka, na wa jimbo jirani la Momba kwa David Silinde. Mwaka 2020 Silinde alihamia CCM, akasimama Tunduma, akatangazwa mshindi. Kuhama si kosa. Mtu ana haki ya kubadili rai. Lakini aliyemsifu kwa ajili ya chama chake cha kwanza, na aliyemlaumu kwa ajili hiyo hiyo, wote wawili walibaki hawana kipimo. Ukimpima mtu kwa kanzu yake, siku akibadili kanzu utampimaje?

Wako watakaosema kwamba bila chama uchaguzi ni vurugu. Wana haki kwa sehemu. Chama hukusanya rai za wengi zikawa ilani moja, hulea viongozi, huweka mawakala vituoni walinde kura. Hayo ni utumishi mwema. Ubaya ni mtumishi kugeuka bwana.

Na kwetu amegeuka. Katiba yataka mgombea wa ubunge au urais adhaminiwe na chama, na mbunge akitoka chamani hupoteza kiti. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti la mgombea kudhaminiwa na chama mahakamani kwa miaka mingi. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilihukumu kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Mtikila alifariki mwaka 2015, na uchaguzi wa Oktoba 2025 ulifanyika mlango ungali umefungwa. Aprili ya mwaka huo Tume ilitangaza kwamba CHADEMA haitashiriki, kwa kuwa haikutia saini kanuni za maadili. Chama chenyewe kilikuwa kikidai mabadiliko kwanza. Basi mkaazi wa Tunduma aliyekuwa na mtu wake wa kumwamini katika chama hicho hakuwa na njia ya kumpigia kura. Chombo kilizuiwa, na abiria wote wakabaki ufukweni.

Wamarekani nao wana vyama viwili vyenye fedha na ushabiki mwingi, ingawa rais wao wa kwanza, George Washington, aliwaonya juu ya jambo hilo mwaka 1796. Lakini kule wapiga kura wenyewe huchagua mgombea wa chama katika uchaguzi wa awali. Seneta Jim Jeffords alipotoka chama cha Republican mwaka 2001 hakupoteza kiti, na Bernie Sanders wa Vermont alichaguliwa seneta mwaka 2006 akiwa mgombea binafsi. Kwetu kura za maoni ni maoni tu. Neno la mwisho ni la vikao vya juu.

Hata enzi ya chama kimoja ilikuwa na funzo. Mwaka 1965 TANU ilisimamisha watu wawili kwa jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na baadhi ya mawaziri waliangushwa. Mpiga kura hakuwa na hiari ya chama, lakini alikuwa na hiari ya mtu. Leo twajivunia hiari ya chama, na ile ya mtu tumewaachia wakubwa wa chama.

Basi ewe mzazi, kampeni zikija mtaani wafunze wanao kuuliza: mtu huyu alipopewa amana ya watu aliitunzaje? Ahadi ya jana ameitimiza? Majirani zake wanasemaje? Wala usimnunie jirani kwa bendera iliyo juu ya paa lake. Bendera huteremshwa uchaguzi ukiisha, na maiti wako atabebwa na jirani huyo huyo.