Sakafu ya Mbao: Tazama Pembeni Kwanza

Ukikaribishwa kwenye nyumba iliyokarabatiwa na mwenyeji akakuonyesha sakafu yake mpya ya mbao, usianze na mng'aro. Vanishi mpya hupendezesha ubao wowote, hata ule utakaobinuka kabla mwaka haujaisha. Nenda mlangoni, chutama, utazame pale sakafu inapokutana na fremu. Fundi anayeijua kazi hukata miguu ya fremu kwa chini, sawasawa na unene wa ubao, kisha huuchomeka ubao ndani ya upenyo ule hata usione unapoishia. Fundi wa haraka huiacha fremu ilivyo, huuchonga ubao ufuate kona zake, hubaki na mianya, na mianya ile huiziba kwa unga wa mbao uliokorogwa na gundi. Siku ya makabidhiano kazi zote mbili hupendeza. Masika moja ikipita, kizibo kile huwa kimeanza kumeguka na kuondoka na ufagio.

Naanza na mlango kwa sababu hapo ndipo fundi anapoonyesha kama anakubali kwamba mbao inacheza. Mti ukishapasuliwa, ukapigwa randa na kupakwa vanishi, bado unavuta unyevu kutoka hewani na kuutoa. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80 na joto la nyuzi 27, hali ambayo mkazi wa Dar es Salaam anaifahamu vizuri, mbao hutulia ikiwa na maji ya karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Kiyoyozi kikiushusha unyevu wa chumba hadi asilimia 50, mbao ileile itashuka hadi kama asilimia 9. Na maji yakiingia, ubao hutanuka kwa upana. Kwa urefu haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua.

Chukua mfano wa mtiki, ambao ni miongoni mwa mbao tulivu. Ubao wa mtiki uliopasuliwa kwa mkato wa kawaida hutanuka karibu asilimia 0.19 ya upana wake kwa kila asilimia moja ya unyevu inayoongezeka ndani yake. Kwenye chumba cha upana wa mita 5, unyevu ukipanda kutoka asilimia 11 hadi 14, hesabu inakupa milimita 28. Karibu sentimita 3 za mbao zinatafuta pa kwenda. Zisipoachiwa nafasi ukutani, sakafu itainuka katikati ya chumba, na hakuna msumari utakaoizuia. Ndiyo maana kazi ikaguliwe kabla skatingi haijapigwa. Pita ukuta hadi ukuta ukiingiza kidole chako kidogo kati ya ubao na plasta: milimita 12 kila upande ndicho kiwango cha chini, na chumba kipana kinadai 15. Penye nguzo, bomba au kizingiti pia paachiwe. Nimeona sakafu nzuri sana zikiharibiwa na nguzo moja ya katikati iliyobanwa pande zote.

Hesabu ile hupungua karibu nusu ukichagua mbao zilizopasuliwa kwa kupita kwenye kitovu cha gogo. Namna ya kuzitambua ni rahisi. Inua ubao, utazame kichwani, pale ulipokatwa na msumeno, utaona pete za mti. Pete zikisimama wima kutoka uso wa chini kwenda uso wa juu, huo ni ubao mtulivu. Pete zikilala na kujikunja, ubao huo utacheza zaidi, na siku unyevu utakapopanda kutoka chini kingo zake zitainuka katikati pabonyee. Rundo zima la aina ya kwanza ni ghali na ni nadra, kwa sababu hupoteza sehemu kubwa ya gogo. Lakini muuzaji anayekubali uchague ubao mmoja mmoja, hata kwa kuongeza bei kidogo, ni muuzaji wa kurudi kwake.

Ukiwa bado umeshika ubao, tazama na mistari ya juu. Katika mbao halisi, mstari unaouona usoni unaendelea kichwani na pembeni. Mstari ukikatika ghafla ukingoni, hiyo ni karatasi iliyochapishwa na kubandikwa juu ya ubao wa unga. Ukiona tabaka jembamba juu na mbao nyingine chini, hiyo ni mbao ya kuunganishwa, ambayo si ulaghai ila ina bei yake na haipaswi kuuzwa kwa bei ya ubao mzima. Kisha toa kisu, ukwangue upande wa chini. Mninga una kiini cha kahawia chenye wekundu au dhahabu, na pembezoni una sehemu ya njano iliyofifia. Sehemu hiyo ya nje ndiyo chakula cha bungua. Wapo wanaoipaka rangi ikafanana na kiini, na hapo ndipo kisu kinaposema ukweli. Tundu dogo la duara lenye unga laini chini yake ni sababu tosha ya kukataa ubao.

Kuhusu aina za mbao, kila mtu ana upendeleo wake, na wangu ni mninga. Husinyaa kidogo ukikauka kuliko mbao nyingi ngumu, haumchoshi fundi, na rangi yake haichushi. Mkongo, ambao pwani wengi huuita mbambakofi, ni mzito na mgumu zaidi na huvumilia miguu mingi, kwa hiyo nautaka kwenye ukumbi na ngazini. Una rangi ya njano ndani ya vitundu vyake, na ukilowa unaweza kuchafua nguo, kwa hiyo usiuweke karibu na bafu. Mvule ni mzuri lakini mistari yake hupishana, na randa butu huichana. Uinamishe kwenye mwanga na upapase kwa kiganja; ukihisi magamba, kataa, maana msasa hautayamaliza yote. Ndani yake pia mara nyingine hukaa chokaa ngumu kama jiwe inayovunja meno ya msumeno. Mtiki tunao wa mashamba, tangu enzi za Wajerumani, na mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro yanajulikana kwa kila mfanyabiashara wa mbao. Mtiki wa mti mchanga una sehemu nyeupe nyingi na pete pana. Wa mti uliokomaa ni jambo jingine kabisa, na usikubali kulipa bei ya huu ukapewa ule.

Nairobi, nyumba za zamani zina parke za muhugu, na ukipata nafasi ya kuzikanyaga usiache. Mti wenyewe ni mwembamba na uliopindapinda, hautoi mbao ndefu, ndiyo sababu ulikatwa vipande vifupi vikapangwa kwa mtindo wa uti wa samaki. Ukikarabati nyumba yenye sakafu hiyo, tafadhali usimruhusu mtu aing'oe ili aweke vigae. Karibu kila mara inachohitaji ni msasa tu.

Sasa unyevu wa mbao unayonunua. Keko na Buguruni, jijini Dar es Salaam, utaambiwa kila ubao umekauka. Kama huna kipima unyevu, kata kipande cha katikati ya ubao, si cha mwisho, maana ncha hukauka mapema. Kipime kwenye mizani ya jikoni, kiweke kwenye oveni yenye joto la nyuzi 103 au zaidi kidogo, uendelee kukipima hadi uzito uache kushuka. Kikianza na gramu 230 kikaishia gramu 200, kimetoa gramu 30 za maji, yaani asilimia 15 ya uzito mkavu. Kwa nyumba ya pwani inayofungua madirisha, asilimia 13 hadi 15 inafaa. Kwa chumba cha kiyoyozi muda wote, tafuta 10 hadi 12. Nairobi lenga 12 hivi. Mbao ikiwa na asilimia 20 na fundi anataka kuanza Jumatatu, mwambie asubiri. Mbao zikae ndani ya chumba chenyewe, zimetenganishwa kwa vijiti hewa ipite, baada ya plasta na rangi kukauka, hadi vipimo viache kubadilika. Wiki mbili ni mwanzo tu.

Chini ya mbao ndipo ukarabati unapotofautiana na ujenzi mpya. Nyumba nyingi za zamani zilimwagwa zege moja kwa moja juu ya udongo bila naylon. Tazama futi ya kwanza ya ukuta kutoka chini: rangi iliyobabuka na unga mweupe wa chumvi ni dalili kwamba maji yanapanda. Bandika kipande cha naylon angavu cha nusu mita kwa nusu mita juu ya saruji, kingo zote zifungwe kwa utepe wa gundi, ukiache usiku kucha, saa 16 au zaidi. Asubuhi ukikuta matone kwa ndani, au saruji imekuwa nyeusi, usiweke mbao hadi tatizo hilo litatuliwe. Naylon nzito, geji 1000, ipishane sentimita 20 na ipande ukutani nyuma ya skatingi. Mchwa nao washughulikiwe sasa: mashimo yatobolewe kandokando ya kuta na dawa imiminwe udongoni, na mbao za chini za kupigilia zipakwe dawa kabla hazijafichwa. Halafu lete ubao ulionyooka wa mita 2, uulaze kila upande. Mwanga ukipita chini yake kwa zaidi ya milimita 3, sakafu itadunda na kulia.

Katika kupanga, macho yangu hutafuta mambo machache. Maungio ya vichwa yasikaribiane kati ya safu na safu kwa chini ya sentimita 20, na yasitengeneze ngazi inayoonekana kutoka mlangoni. Safu ya mwisho ukutani isiwe utepe wa sentimita 2. Fundi mzuri alishakigawa chumba kabla ya kupiga msumari wa kwanza, akapunguza safu ya kwanza ili ya mwisho nayo iwe na upana wa heshima. Misumari ipigwe kwa mshazari juu ya ulimi wa ubao, ifichwe na mfereji wa ubao unaofuata. Sakafu yenye vichwa vya misumari juu, vilivyozibwa kwa vidoti vya puti, nadhani haistahili gharama ya mninga. Kwa parke ya gundi, gonga kwa kifundo cha kidole kipande kimoja kimoja, na panapojibu kwa sauti tupu weka alama ya chaki.

Msasa ndio unaowatenga mafundi. Kazi ianze na namba 40, iende 60, 80, hadi 100 au 120, bila kuruka, maana kila namba hufuta mikwaruzo ya iliyotangulia tu. Ili ukague, zima taa zote usiku, uweke tochi ya simu sakafuni ikimulika kwa mlalo. Miduara karibu na kuta ni alama za mashine ndogo iliyokaa mahali pamoja, na mawimbi katikati ni ya mashine kubwa iliyosimamishwa ikiwa inazunguka. Kwenye kona, mashine haifiki, na pale utaona kama fundi alipiga magoti na kukwangua kwa mkono. Mtiki na mvule zina mafuta yanayokataza vanishi kushika, kwa hiyo uso upanguswe kwa thina muda mfupi kabla ya kupaka. Makoti matatu, na msasa mwepesi kati yake.

Suala la uhalali wa mbao nalo ni sehemu ya ubora. Tanzania, mbao zinazotoka msituni kihalali zina alama ya nyundo na hati ya kusafirishia ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na muuzaji mwaminifu hukuonyesha bila kununa. Kwa uamuzi wa mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, uliofanyika Panama Novemba 2022, jamii za Afrika za mninga na mkongo zimo katika Kiambatisho cha II cha mkataba huo, maana yake biashara yake ya nje ya nchi inahitaji kibali. Miti hii hukua polepole. Nunua kinachotosha chumba chako na asilimia 10 ya ziada kwa ajili ya mikato, basi.

Na katika mkataba wako na fundi andika kwamba sehemu ya malipo itabaki hadi masika ya kwanza yapite. Fundi anayeiamini kazi yake atakubali. Akikataa, tafuta mwingine.